Kagera haina mwenyekiti wa kijiji

Basi la Mwanza–Bukoba siku hizi halisubiri kivuko. Linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache, kisha Sengerema, Geita, Muleba. Nilikuwa naelekea Kyaka kuuona Mto Kagera, maana mwaloni Mwanza kila niliyemuuliza gugumaji limetoka wapi alinyoosha mkono upande wa magharibi.

Hawakosei, ila hiyo ni nusu ya habari. Asili ya mmea huo ni Amerika Kusini. Watu waliutawanya duniani kwa kupenda ua lake la zambarau. Ziwa Victoria ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980.

Pale Kyaka, ambapo majeshi ya Amin yalivunja daraja mwaka 1978, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Nilimkuta mzee akinasua magugu kwenye nyavu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa shina moja nilishike: zito, mizizi myeusi kama manyoya, imejaa tope na vikonokono.

"Mtu akiniibia nyavu, mwanangu, naenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Hili nikamshtaki nani? Rwanda?"

Sikuwa na jibu. Kagera inakusanya maji ya Burundi na Rwanda, inapita kwetu, inaingia ziwani upande wa Uganda. Udongo wa milimani, mbolea na majitaka ya miji ndivyo vinavyolinenepesha gugu, na hata sisi tunachangia njiani. Nchi hizo nne ziliwahi kuwa na shirika lao la bonde la Kagera, lililoanzishwa 1977. Likadhoofika, mwishowe likavunjwa. Itifaki ya bonde la Ziwa Victoria ilitiwa saini 2003 na Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi, kwenye chemchemi zenyewe, ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007. Kamisheni ya bonde ipo Kisumu, inaratibu na kushauri. Lakini kuratibu si kuadhibu, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapokwamia. Mbawakawa walioletwa miaka ya 1990 kulila gugu walisaidia kuliko mikutano mingi.

Jioni nilifika Mutukula, mpakani. Afisa alifungua begi langu, akapekua hadi chini, kisha akauliza kama nimebeba mbegu au mche wowote kuingia nao Uganda.