Siku moja kwenye meza ya msaada wa kisheria, Morogoro

Saa 1:30 asubuhi

Ukungu bado umekalia milima ya Uluguru na benchi la barazani lina watu watano. Kila anayeingia anaulizwa swali moja kabla hajaanza kueleza mkasa wake: jambo hili lilitokea lini? Jibu linaandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari kubwa, safu ya pili. Wengi huamini haki yao imepotea kwa sababu mwenzao ana pesa au ana ndugu serikalini. Hayo yapo. Lakini tunachokiona zaidi mezani hapa ni haki iliyokufa kwa siku kupita, na mwenyewe hakujua kama kulikuwa na siku za kuhesabu.

Jambo la pili linasemwa hapo hapo: huduma ni bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamkataza msaidizi wa kisheria kutoza ada, na haimpi kibali cha kusimama mahakamani kama wakili. Kazi yake ni kuelimisha, kusaidia kuandaa nyaraka na kuelekeza mlango sahihi wa kubisha. Anayekwambia "nitakusimamia kesi yako, lete kitu kidogo" mkimbie.

Saa 2:15

Kijana wa karakana ya mbao, mkono wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Msumeno wa mashine ulimkata vidole viwili akiwa kazini. Mwenye karakana alimpeleka hospitali, akalipa bili ya siku ya kwanza, kisha wiki tatu baadaye akampigia simu: usirudi, nafasi yako ina mtu. Hapa kuna hesabu mbili za siku, na kila moja ina mwisho wake. Wengi huzichanganya, wakaisubiri moja huku nyingine inakwisha.

Hesabu ya kwanza ni ya kuachishwa kazi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Aliambiwa tarehe 3 Machi. Siku ya kuambiwa haihesabiwi, kwa hiyo siku ya 30 inaangukia tarehe 2 Aprili. Leo ni tarehe 26, zimebaki siku saba, na Jumamosi na Jumapili zimo humo humo. Ukichelewa mlango haufungwi moja kwa moja, ila itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya maana kwa kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri huruma ya bosi" haijawahi kuwa sababu ya maana.

Fomu inaitwa CMA F1, na kuiwasilisha hakulipiwi. Inaharibika mahali pawili. Kwanza, watu huipeleka Tume kabla ya kumpa mwajiri nakala. Mwajiri apewe kwanza, asaini kwamba amepokea, na uthibitisho huo uambatanishwe. Akikataa kusaini, itume kwa posta ya rejista na risiti uitunze kama noti. Pili, Sehemu B, ambayo ni ya walioachishwa kazi tu, huachwa wazi. Humo ndimo unamoeleza kwa nini unasema sababu au utaratibu haukuwa wa haki. Ukiiacha tupu umepeleka lalamiko lisilo na kiini.

Hana mkataba wa maandishi. Haidhuru. Miamala ya simu ya kila Jumamosi kutoka namba ya bosi, picha akiwa mashineni, ujumbe wa "kesho wahi kuna mzigo", na mwenzake mmoja aliye tayari kusema: hivyo vinatosha kuanzia. Tunamwambia azichapishe karatasini leo, maana simu huibiwa.

Hesabu ya pili ni ya vidole. Hii ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na dai linatakiwa lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri ana wajibu wa kuufahamisha Mfuko, lakini akikaa kimya mfanyakazi au ndugu yake anaweza kupeleka taarifa mwenyewe. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye mshahara wako, kuna mtu anakula haki yako.

Kwa muda asioweza kufanya kazi, malipo ni asilimia 70 ya mshahara wa mwezi, yasizidi miezi 24. Kijana alikuwa anapata shilingi 300,000, kwa hiyo tunazungumzia 210,000 kwa mwezi. Jeraha likishatulia anapimwa ulemavu wa kudumu: ukiwa hauzidi asilimia 30 analipwa mkupuo mmoja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana tunamsihi asiruke kliniki hata moja. Asilimia hiyo inatoka kwenye maandishi ya daktari, na daftari la hospitali lenye pengo la miezi miwili linamshusha.

Mfukoni ana karatasi aliyoletewa na bosi: laki mbili taslimu, asaini kwamba "hana madai yoyote". Bado hajasaini. Inawekwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na nyingine zote.

Saa 4:40

Mama aliyegongwa na bodaboda Msamvu. Ameshika PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, imekunjwa mara nne hadi mikunjo inaanza kupasuka. PF3 inatolewa polisi bila malipo, na sehemu ya daktari lazima ijazwe na kugongwa muhuri. Toa nakala tatu siku hiyo hiyo kabla haijarudi kituoni.

Dai lake linakwenda kwa kampuni iliyoikatia pikipiki bima, na bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa anayeumizwa na chombo, ni ya lazima. Namba ya usajili wa pikipiki ikiingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inaonyesha kama bima ilikuwa hai. Angalia tarehe ya ajali, usiangalie ya leo, kwa sababu wapo wanaokata bima kesho yake. Halafu aombe kwa askari wa usalama barabarani ramani ya ajali na taarifa ya uchunguzi, PF90. Kama dereva ameshtakiwa, nakala ya hukumu nayo inahitajika. Bila karatasi hizo kampuni itamwambia "tunashughulikia" mpaka achoke. Kesi ya madhara ya namna hii ina ukomo wa miaka mitatu, na mazungumzo na bima hayaisimamishi hesabu hiyo.

Saa 6:10 mchana

Shikamoo, marahaba, karibu mama. Anataka talaka na ametoka kukataliwa kwenye dirisha la mahakama. Anadhani karani anamwonea. Tunaifungua bahasha yake, na karani hajakosea.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), la kanisa au la Ustawi wa Jamii. Likishindwa kusuluhisha linatoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita siku ombi la talaka linapofunguliwa. Yake ina miezi minane. Isitoshe si hati, ni barua ya nusu ukurasa iliyoandikwa "kwa yeyote anayehusika". Hati halali inataja wahusika wote wawili, inasema Baraza limeona nini na limeshindwa, ina tarehe, saini na muhuri. Mbaya zaidi, barua hiyo inagawa nyumba na mashine ya kusaga. Baraza halina mamlaka hayo. Mali inagawanywa na mahakama.

Anarudi kwenye Baraza kuomba hati kwa fomu sahihi. Mume akiitwa akakataa kusudi kuja, Baraza liandike hivyo hivyo, kwa kuwa sheria inalitambua hilo.

Anauliza kwa sauti ya chini: nyumba alijenga yeye, mimi nilikuwa nyumbani tu, nina nini? Neno "tu" tunamwomba aliondoe. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Si lazima apate nusu, mahakama hupima kiasi cha mchango. Kwa hiyo aje na orodha: miaka ya ndoa, watoto, vibanda alivyouzia vitumbua, tofali alizomwagilia, nani alilipa fundi. Na kama mume ana mpango wa kuuza, sheria hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kiwanja chenye hati kinawekewa zuio kwa Msajili wa Hati. Kisicho na hati, barua iende serikali ya mtaa leo hii, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Saa 8:30

Mjane wa askari mstaafu, mmoja wa waliopigana Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Pensheni za wanajeshi zinashughulikiwa na Hazina, kwa hiyo safari zake mbili kwenye ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii zilikuwa bure. Kinachomkwamisha ni jina. Karatasi ya jeshi ina majina mawili, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina matatu, cheti cha kifo kina herufi iliyobadilika. Tofauti ndogo hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayotaja namba ya jeshi na kusema majina yote ni ya mtu mmoja. Kiapo kitangulie kabla ya mirathi. Mahakama ikishateua msimamizi wa mirathi kwa jina lenye kosa, kurekebisha kunachukua miezi. Na msimamizi, kwa mahakama ya mwanzo, ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na hesabu za mgawo.

Saa 10 jioni

Simu tatu za matunzo ya watoto. Jibu ni lile lile: anza Ustawi wa Jamii wa halmashauri, makubaliano yaandikwe na yasainiwe, yakivunjwa nenda mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nenda na orodha ya gharama za mwezi: unga, sare, dawa, nauli. Kudai "anihudumie" bila tarakimu kunamwachia hakimu kukisia.

Saa 11:20

Wino mwekundu unasomwa upya, mstari kwa mstari. Kijana wa karakana: F1 kwa mwajiri kesho asubuhi, Tume keshokutwa, zikibaki siku tano. Mama wa bodaboda: PF90. Mama wa talaka: Baraza linakaa Alhamisi. Mjane: kiapo, na aje na ile karatasi ya jeshi yenyewe, nakala haitatosha.