Kapu moja la akina mama wa Kadutu

Laptopu ilikuwa ya kuazima, na betri yake haikudumu hata kwa muda wa saa mbili. Kule kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane, kwa hiyo kosa hili la programu nililipika gizani, mishumaa miwili mezani.

Mama alikuwa anashika daftari la likilimba, mchango wa zamu, ya wauza sambaza (samaki wadogo) wa soko la Kadutu. Wanawake 12, kila Jumamosi dola 5 kwa mtu, na zile 60 anakula yule ambaye zamu yake imefika. Hesabu ya kidole na kalamu. Lakini mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefundishwa klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu, katika Python, lugha ya kuandikia programu, na kichwa kilikuwa kinawasha. Nikamwambia Mama daftari apumzishe, nitamwandikia programu.

Silabusi yetu ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Humo `__init__`, sehemu inayompa kila mwanachama mpya vitu vyake, ilionekana kama neno lenye mstari mmoja kila upande, nami nikaandika `_init_`. Nikijaribu kuunda mwanachama na jina lake, mashine inajibu kwamba `Mwanachama()` haipokei kitu. Mbona inapokea, si hii hapa nimeiandika? Kumbe kwa Python ile yangu ilikuwa metodi (kazi ya ndani ya klasi) ya kawaida tu; yenye kuitwa wakati kitu kinazaliwa ni ile ya mistari miwili miwili. Nilihangaika siku mbili, nikaifuta yote. Nikaweka `michango = []`, orodha tupu, na `faini = 0` juu kabisa, chini ya jina la klasi. Ikakubali, nami nikalala nikijiona mhandisi.

Kilichonidanganya ni faini. Aliyechelewa alipata faini yake, mwenziwe akabaki na sifuri. Sasa ningeshuku nini?

Jumamosi ya tatu nikamfungulia Mama mashine mbele ya wenziwe wanne, pale pale kwenye meza ya samaki. Kwa mashine, kila mwanamke alikuwa amechanga dola 175. Wote. Hata yule ambaye wiki iliyopita aliomba asubiriwe.

Mama akaangalia, akaangalia tena. "Mutoto, hii mashini imetuchanganyia franga."

Wale wanne walicheka hadi mmoja akamwaga kipimo cha sambaza. Nilifunga laptopu nikasingizia betri.

Aliyenitoa ni kaka mmoja wa mwaka wa mwisho. Hakuniambia kosa. Aliniamuru niandike swali moja: je, `michango` ya mwanachama wa kwanza `is` (ni kitu kilekile na) `michango` ya wa pili? Skrini ikasema `True`, ndiyo. Si orodha mbili zinazofanana. Ni orodha moja, ambayo watu 12 wanaitumbukizia mkono. Orodha iliyoandikwa juu ya klasi huundwa mara moja tu, klasi inaposomwa, na kila mwanachama anayezaliwa baadaye anaikuta hapo.

"Na faini?" nikauliza. Nilitaka kumshika.

Akachora kwenye karatasi. `self.faini += 1` inasoma ile sifuri ya klasi, inaongeza, halafu inaandika jibu kwa mwanachama mwenyewe; kuanzia hapo ana faini yake binafsi. `append`, amri niliyotumia kuongeza mchango kwenye orodha, haiandiki kitu kipya kwa mtu. Inaingia ndani ya kapu lililopo na kutia humo. Mpaka leo nadhani hiyo ndiyo sehemu mbaya ya jambo lote: namba ilinifanyia adabu, nikaiamini orodha bila kuipima. Na ningeandika ile mistari minne ya `__init__` sawasawa tangu siku ya kwanza, nisingeikimbilia njia ile.

Marekebisho hayakuzidi mistari mitatu. `__init__` ikarudi, `self.jina = jina`, `self.michango = []`. Kila mmoja na kapu lake.

Jumamosi iliyofuata nilirudi sokoni na betri imejaa. Kumi na mmoja walikuwa na 20, mmoja 15. Mama hakuangalia skrini. Alifungua daftari, akalamba kidole, akafika kwenye ukurasa, akanisomea jina la yule wa 15 kabla sijalitaja.

Likilimba ile ilimaliza mzunguko wake kwa daftari.