Laptopu ya kugeuza: nilivyoipima kabla ya kulipa, na inavyonitumikia

Nafundisha Hisabati na Fizikia kidato cha tatu na cha nne, Morogoro. Jioni zangu ni zilezile za walimu wengi: kutunga maswali, kusahihisha, kutafuta mitihani ya zamani ya NECTA na kuitolea majibu. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu nami nilipata changu, na kwa kusomea vitabu sina neno nacho. Ila kuchapa mtihani mzima kwenye kioo kile ni adhabu. Laptopu ya kawaida nayo inachapa vizuri, lakini ukitaka kuchora tofali lililokaa kwenye mteremko na mishale ya nguvu zinazolivuta, unahangaika na kipanya mpaka chai inapoa.

Nikaanza kuulizia laptopu za kugeuza, zile ambazo skrini inazunguka nyuzi 360 mpaka inalala mgongoni mwa kibodi. Mpya iliyo nzuri ilikuwa juu ya uwezo wangu. Mpya za bei ya chini nilizoonyeshwa zilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na kwenye mashine nyingi nyembamba za aina hii RAM imechomelewa kwenye ubao mama, huongezi kitu baadaye. Nikaona heri mtumba wa ofisi kutoka Uingereza: skrini ya inchi 13.3, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Kariakoo walianza na laki tisa na nusu.

Kabla ya kubishana bei niliomba kuona prosesa. Muuzaji alikuwa na mbili mezani, zinafanana kama mapacha, na zote kwake ni "i5, dada, mashine kali". Nikafungua mipangilio: moja i5-7200U, nyingine i5-8250U. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha nane kuendelea. Mtu anaweza kuilazimisha iingie kwenye kizazi cha saba, na maduka mengine hufanya hivyo, lakini Microsoft haiahidi kuihudumia. Tena prosesa ile ya kizazi cha saba ina viini viwili tu vya kuchakata, hii ya nane ina vinne. Ya saba nikaisogeza pembeni.

Halafu nikaizima hii ya nane na kuiwasha huku nabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayotangulia Windows. Mashine za ofisi wakati mwingine huja na nenosiri la kampuni ya zamani limeachwa mle ndani. Leo utaitumia bila shida, siku ukitaka kubadilisha kitu utaambiwa uingize nenosiri usilolijua. Yangu ilifunguka bila kuuliza.

Betri nayo isiaminiwe kwa maneno. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, itatengeneza faili la kufungua kwenye kivinjari, lenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Yangu ilianza na Wh (saa-wati) 57, imebaki na 41 hivi. Kijana alipoona nimekodolea macho zile namba akaanza kucheka: "Madam, unaikagua kama unaioa!" Nikamwambia betri ya kununua tena ni hela yangu, si yake. Hapo ndipo laki tisa na nusu ikawa laki nane na nusu, na kalamu ya kuandikia kwenye kioo ndani, na risiti ya EFD.

Kwenye laptopu ya kugeuza vinavyochoka kwanza ni bawaba na kioo, na hivyo ndivyo watu wasivyovikagua. Niliigeuza polepole mpaka mwisho na kuirudisha, sikio likiwa karibu. Bawaba nzuri ina ukinzani uleule njia nzima, haina mahali inapolegea ghafla wala pa kuguna. Ukishaigeuza, bonyeza kibodi iliyo chini: isiandike chochote. Ikiandika, kihisi kinachotambua mkao hakifanyi kazi, na kila utakapoishika utakuwa unafungua vitu usivyotaka. Kisha nikashika ikoni moja kwa kidole na kuizungusha kwenye skrini nzima, pembe hadi pembe. Mahali inapodondoka bila wewe kuinua kidole ni mahali kioo kimekufa.

Kalamu niliipima kwa rula. Niliomba rula ya plastiki kwa mhasibu wa duka, nikailaza kwa mshazari kwenye kioo, nikavuta mistari polepole. Haraka haraka kila kalamu inaonekana nzuri; ukivuta taratibu ndipo baadhi zinatoa mstari wenye mawimbi. Kwa mtu wa kusaini nyaraka si kitu. Kwa mimi ninayechora grafu na miale ya lenzi, mstari wa mawimbi ni kurudisha mashine dukani. Yangu inatetemeka kidogo sana karibu na ukingo wa kioo, katikati iko safi. Nikalipa.

Sasa matumizi ya kila siku. Niseme wazi: kama kishikwambi, haifai. Ina uzito wa kilo moja na robo na ushee, mara mbili ya kishikwambi na zaidi, na ukiishika kwa mkono mmoja vidole vinakaa juu ya vitufe vilivyogeukia nyuma. Kusoma kitabu kitandani, hapana. Chini ya mwembe wa shule kioo kinang'aa mpaka unajiona uso wako. Wanaouza hizi kama "vifaa viwili kwa bei ya kimoja" wanatia chumvi.

Inaponilipa ni pale inapolala mezani. Wanafunzi wangu wa masomo ya jioni hupiga picha kurasa za daftari na kunitumia WhatsApp. Nafungua picha, nageuza skrini, nasahihisha kwa wino mwekundu juu ya mwandiko wao wenyewe: hapa umesahau alama ya kutoa, hapa kipimo ni N si kg. Narudisha. Mitihani ya PDF naiandikia kwa Xournal++, programu ya kuandika kwa kalamu juu ya PDF, ni ya bure na haihitaji intaneti, na ukiweka mipangilio vizuri inapuuza kiganja kilicholala kwenye kioo. Siku projekta ya shule ikiwa huru naichomeka kwa HDMI, nakaa nikiwatazama wanafunzi, naandika kwenye kioo na hesabu inapanda ukutani hatua kwa hatua. Kioo kinateleza kuliko ubao, mwandiko wangu wa mwanzo ulikuwa wa kuchekesha, lakini nyuma ya darasa hapana tena kelele kama zamani nilipokuwa nawapa mgongo. Sasa wanajua nawaona!

Kuna vitu vidogo vya kuishi navyo. Kibodi ni ya Uingereza, kwa hiyo ukiacha mpangilio wa Marekani unabonyeza @ inakuja alama ya kunukuu. Badilisha mpangilio uwe United Kingdom, yanaisha. Inachaji kwa USB-C, ila chaja ya simu ya kawaida haiiwezi. Inataka wati 45 na kuendelea, na pawabenki nazo nyingi haziifikii, kwa hiyo siku umeme ukikatika mapema napanga kazi kwa saa nne za betri, si zaidi.

Kalamu inatumia betri ya AAAA, herufi nne, ambayo madukani kwetu sikuiona. Fundi redio mmoja akanionyesha kwamba betri nyingi za volti 9 za alkali, zile za mraba, zina vijibetri sita vyembamba ndani. Alifungua ganda kwa koleo taratibu, akavitoa, akavipima kwa mita ili kujua upande wa chanya maana vingine vina chuchu upande wa hasi, kimoja akakiingiza na kalamu ikawaka. Ni vifupi kidogo kuliko AAAA halisi, akaweka kipande cha foili kushika vizuri. Si kila aina ina vijibetri hivyo; nyingine zina vibamba bapa, hizo ukizifungua umepoteza betri.

Walimu wenzangu wananiuliza kama nao wanunue. Huwa nawauliza wanafundisha nini. Wa Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia ya ramani nawapeleka kwa yule kijana, na rula yao mkononi. Wa Historia na Kiswahili nawaambia wachukue laptopu ya kawaida ya kizazi hichohicho, na hela itakayobaki waongezee RAM.