Silikoni Nyekundu Ndani ya Sampo

Mwaka 2014 nilikuwa msaidizi katika gereji moja ya Nyakato, jijini Mwanza, nikijifunza kazi kwa mzee ambaye alikuwa amefungua injini za Subaru kwa muda mrefu kuliko fundi yeyote niliyemfahamu. Asubuhi moja mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, alituletea Subaru Forester ya turbo, yaani yenye feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 1997 na 2002. Gari lilikuwa limeanza kwa kuvuja oili, likapelekwa gereji nyingine kuzibwa, na muda si mrefu baada ya kuzibwa likaanza kugonga, huku uvujaji wenyewe ukiwa umerudi. Huko alikotoka aliambiwa kwamba injini imekwisha na atafute nyingine ya mtumba.

"Fundi, pesa ya injini sina," alimwambia mzee. "Gari hili ndilo linalonifikisha Lamadi na Bunda kufuata mzigo. Wewe niambie ukweli tu."

"Ukweli upo humo ndani, mama. Tuachie lipoe, kesho tulisikilize likiwa baridi."

Mzee alisisitiza sana jambo hilo la ubaridi, na hadi leo naona ni hapo mafundi wengi wanapoharakisha. Injini ya zamani ya turbo inaweza kugonga kwa sababu kadhaa, na kila sababu ina saa yake ya kusikika. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hupiga kelele asubuhi na kunyamaza kadiri chuma kinavyopata joto na kutanuka. Ekzosi iliyopasuka au gasketi yake iliyoungua hutoa mlio unaofanana na huo, nao mara nyingi hupungua injini ikipata joto. Petroli inayolipuka kabla ya wakati husikika gari likivuta mlima huku turbo ikisukuma hewa, na hutoweka mara dereva anapoachia mafuta. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), ikilika huenda kinyume cha hayo: oili ikiwa baridi na nzito huificha, kisha oili inapopata joto na kuwa nyepesi mlio hukua, mzito na wa kina, ukitoka chini ya injini.

Kesho yake tuliliwasha. Mwanzoni lilikuwa karibu kimya, na moyo wangu ukatulia kidogo kwa ajili ya yule mama. Lakini mshale wa joto ulipofika katikati, mzee alipandisha mizunguko ya injini hadi karibu 3,000 kwa dakika kisha akaachia taratibu, na mlio ukajitokeza wazi. Alinipa bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha injini, na mpini sikioni, nikiihamisha upande mmoja hadi mwingine, kwa kuwa injini hii ni ya kulala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Halafu tulichomoa soketi za umeme za nozeli zinazopulizia petroli, moja baada ya nyingine, tukikata petroli ili silinda husika isifanye kazi, na wala petroli isiyoungua isiende kuwakia ndani ya ekzosi. Tulipokata silinda ya 4, ile ya nyuma upande wa kushoto, mlio ulififia. Tuliporudisha soketi, ukarudi.

Mtu mwingine angeishia hapo na kuthibitisha hukumu ya gereji ya kwanza. Mzee hakuridhika, kwa sababu beringi hailiki bila chanzo, na injini ya mtumba ikifungwa bila chanzo kujulikana inaweza kufa kifo hicho hicho. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa haijawahi kuwaka, na mama alikuwa akiitegemea kama ushahidi kwamba oili ipo. Mzee alimweleza kwa upole kwamba taa ile huwaka presha ikiwa imebaki kidogo sana, wakati beringi zimekwisha kuumia zamani. Tulifungua swichi ya presha juu ya bloku, tukafunga geji mahali pake. Kanuni ya mafundi ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000. Injini ikiwa ya moto, geji yetu ilisoma psi 7 katika sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, na kwenye mizunguko 3,000 haikufika hata 20. Kijiti kilionyesha oili imejaa hadi alama ya juu. Oili ilikuwapo, ila haikuwa ikifika inakotakiwa.

Tulirudi kwenye uvujaji. Niliosha injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikanyunyiza poda ya watoto sehemu zote zilizoshukiwa, kisha gari likaendeshwa hadi Kisesa na kurudi. Poda haifichi kitu: oili inapopita huacha njia yenye rangi, na njia hiyo hufuatwa kwenda juu, kwa maana tone huonekana chini wakati chanzo kiko juu yake. Tulikuta njia mbili. Moja ilitoka kwenye kava ya tapeti, kifuniko cha vali za injini, upande wa kulia, ikidondokea ekzosi, na ndiyo iliyokuwa ikitoa harufu ya kuungua kila gari liliposimama. Nyingine ilianzia kwenye kipira kifupi kinachorudisha oili kutoka kwenye turbo. Kilikuwa kimekauka hadi kuwa kigumu kama kuni. Mzee alichomoa pia vali ya kupumulia ya injini na kuitikisa. Haikutoa sauti, ilikuwa imeganda kwa uchafu. Injini isiyopumua hujaza hewa ndani yake, na hewa hiyo husukuma oili ipite kwenye kila gasketi iliyo dhaifu. Ndiyo maana gereji ya kwanza iliziba na oili ikatafuta njia tena.

Isitoshe, gereji hiyo iliziba kwa silikoni nyekundu, gundi ya kuzibia, nyingi kupita kiasi. Kingo za sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, zilikuwa zimevimba kwa nje. Mzee alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Kilichobanwa kikatoka nje namna hii, ndani kimetoka kiasi gani?"

Tulimwaga oili kwenye karai safi, na juani ikameta vichembe vya rangi ya shaba. Nilipitisha sumaku, haikushika kitu, maana yake vichembe vilitoka kwenye beringi, wala havikuwa vya chuma. Tuliinyanyua injini kidogo kwa winchi, tukashusha sampo. Chujio la ndani, lile ambalo pampu hunyonyea oili, lilikuwa limefunikwa na nyuzi nyekundu za silikoni zilizokatika kutoka kwenye kingo. Oili ilikuwa ikinyonywa kupitia sehemu ndogo tu ya wavu. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikitegemea oili hiyo hiyo, na ni bahati kubwa kwamba haikufa kabla ya konrodi.

Mama aliitwa aje aone kwa macho yake. Alilishika lile chujio, akalitazama, akauliza, "Kwa hiyo hiki nilikilipia?" Mzee alimjibu, "Ulilipia, mama. Pole sana."

Katika injini hii beringi za konrodi hazibadilishwi kwa chini. Ni lazima injini ishushwe na bloku ipasuliwe nusu mbili. Kazi ilikuwa kubwa, lakini chini ya bei ya injini. Beringi ya silinda ya 4 ilikuwa imelika hadi shaba, ila krenki ilikuwa na mikwaruzo myepesi iliyotoka kwa kusuguliwa, na ilipopimwa ikakubali beringi za saizi ya kawaida. Tulibadilisha zote, pamoja na pampu ya oili, vali ya kupumulia, kipira cha turbo na gasketi za kava. Kingo za sampo zilipakwa silikoni mstari mwembamba, mzee mwenyewe akiwa ameshika bomba lake.

Geji ilipofungwa tena, injini ikiwa ya moto baada ya kwenda Usagara na kurudi, ilisoma psi 16 katika sailensa na zaidi ya 40 kwenye mizunguko 4,000. Mama aliambiwa arudi baada ya kilomita 1,000 kumwaga oili. Aliporudi tulikata oili filta, tukaikunjua karatasi yake yote juani, na hatukuona hata chembe moja inayometa.