Kwa nini gesi ianguke?

Jumapili hii, hapa Kadutu, Bukavu, nimewaonyesha wadogo zangu picha iliyotolewa 2021 ya shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata nuru haitoki) la galaksi ya M87, picha yenye mistari inayojipinda kwenye duara la mwanga la gesi inayolizunguka shimo. Mistari ile ni alama ya usumaku! Mdogo wangu wa kike akaniuliza: kama gesi inazunguka, kwa nini ianguke ndani?

Swali zuri mno. Gesi ya ndani huzunguka haraka kuliko ya nje, na uga wa sumaku huziunganisha kama kamba ya mpira. Ya ndani inavutwa nyuma, inapoteza msukumo wake wa mzunguko, inashuka. Ya nje inapokea msukumo huo na kusogea mbali zaidi. Wanafizikia wa anga Balbus na Hawley walilieleza hilo mwaka 1991, na kwangu ni moja ya mawazo mazuri kabisa ya fizikia.

Wala si gesi yote inayomezwa. Usumaku huohuo hurusha sehemu yake nje kwa kasi kubwa. Mkondo huo wa gesi wa M87 unafika umbali wa maelfu ya miaka ya nuru.

Sasa binti anataka kusoma fizikia. Mwenye kitabu cha sekondari asichokitumia, hapa Bukavu, tafadhali aniandikie.