Madrid, Valladolid, Salamanca: kuifuata dola ya Falange

Madrid watu wanakimbilia Bernabéu kupiga picha, mi nikaenda zangu mtaa wa Príncipe kuiona Teatro de la Comedia. Bado inafanya kazi, ila tiketi za jioni zilikuwa zimeisha so nikaishia mlangoni. Humo ndani tarehe 29 Oktoba 1933 ndo José Antonio Primo de Rivera, mwanasheria mtoto wa dikteta Miguel Primo de Rivera, aliizindua Falange, chama cha kifashisti cha Hispania, na hotuba akaifungua kwa kumponda nani? Mwanafalsafa Rousseau, aliyekufa zamaaani! Kosa la Rousseau eti ni kufanya ukweli uwe kitu cha kupigiwa kura. Yeye akataka taifa lenye hatima moja, vyama vifutwe, mtu aingie kwenye dola kupitia familia yake, manispaa yake na sindiketi (chama cha watu wa kazi moja) ya kazi yake. Jamaa alikuwa na mdomo mtamu, sasa hao wote wakigombana nani anaamua? Hapo anarudi kwenye ushairi.

Kesho yake treni ya Valladolid, kama lisaa hivi, unazama kwenye handaki chini ya Guadarrama ukitoka ni tambarare tupu. Huku ndo kwa Onésimo Redondo, mkatoliki wa kukaza aliyekuwa na sindiketi ya wakulima wa viazisukari. Mwenzake Ramiro Ledesma walikuwa hawafanani hata kidogo, huyu alikuwa mfanyakazi wa posta aliyesoma falsafa na kumfuata mwanafalsafa Ortega y Gasset, na 1931 gazeti lake akaliita kabisa Kuiteka Dola. Kwake dola ndo kila kitu, mtu binafsi hana chake, na kwa maoni yangu ndo pekee aliyesema wazi anachotaka. Machi 1934 kundi la hawa wawili likatangaza kuungana na Falange hapahapa, Teatro Calderón, na Novemba zikatoka pointi 27, ya 6 inasema dola itakuwa chombo cha kiimla. Miezi michache mbele Ledesma huyo nje.

Salamanca nilikaa sana kwenye jumba la askofu linalotazamana na kanisa kuu, maana Jenerali Franco aliweka makao yake hapo miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza 1936. Wale watatu wote walishauawa 1936, basi Aprili 1937 akatoa amri moja tu, Falange na Wakarlisti waliotaka ufalme wawe chama kimoja na bosi ni yeye. Manuel Hedilla aliyebaki anaongoza Falange akagoma, akahukumiwa kifo, baadaye wakampunguzia. Nadharia ya kuhalalisha mamlaka ya kaudilio (kiongozi mkuu, yaani Franco) ikaja 1942, ya profesa Francisco Javier Conde aliyesoma kwa mwanasheria Carl Schmitt Ujerumani, zaidi ya miaka mitano mtu ameshakalia kiti, yaani kanzu inashonwa bwana harusi ameshaoa.