Tumbo la mtoto likivimba, msiishie kwenye chango
Mwanangu alizaliwa fresh kabisa ila siku mbili zikapita hajatoa kile choo cheusi cha kwanza, tumbo linajaa kama ngoma, anatapika kijani, na mashangazi wote wanasema chango hiyo mpeni mizizi. Kumbe ni ugonjwa wa Hirschsprung, yaani zile neva zinazoendesha utumbo zenyewe hazikufika mpaka mwisho wa utumbo tangu akiwa tumboni kwa mama yake, kwahiyo kipande kisicho na neva kimejikaza hakilegei na choo kinarundikana juu yake. Inampata kama mtoto 1 kati ya 5,000, wa kiume zaidi. Wachache neva zao zina shida kubwa zaidi, hata wakilala hawapumui vizuri.

Jibu la uhakika ni kinyama kidogo cha utumbo wanachokata kupima, halafu upasuaji. Wetu alianza na mfuko wa choo unaobandikwa tumboni pale utumbo ulipotolewa nje, na ngozi pembeni ilichubuka balaa mpaka nesi mmoja akatuonyesha kukata tundu la mfuko liwe saizi ileile ya utumbo uliotoka. Na hata baada ya operesheni, ukiona homa, tumbo gumu na kuhara kunakonuka vibaya kimbia hosp hata saa nane usiku, hiyo inaua.